Uhandisi wa maji safi: kazi ipo, lakini iko mitaroni

Mdogo wangu, umeuliza kama uhandisi wa mazingira utakupa kazi hapa Nairobi, kwa kuwa unataka kushughulika na maji ya kunywa, au uhamie barabara ambako wenzako wanasema ndiko kuna pesa. Kazi ipo. Mimi ndiyo inayonilisha tangu nitoke chuoni. Ila wengi huingia wakidhani watashinda kwenye mitambo ya kusafisha maji, na hao ndio huchoka mapema.

Maji mengi ya jiji hili yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, yanasafishwa Ng'ethu, kisha yanaletwa kwenye matangi ya Gigiri. Shida kubwa iko mbele ya hapo. Nenda Mukuru au Mathare uone mabomba ya plastiki yaliyopitishwa ndani ya mitaro ya majitaka. Maji yakiwa na presha, bomba likitoboka yanavuja kwenda nje, hasara tu. Mgao ukikatwa, bomba lilelile hufyonza kilicholizunguka. Yakifunguliwa, anayewahi kujaza mtungi ndiye anayepata ule uchafu. Wenye vibanda vya maji wazoefu humwaga maji ya mwanzo, na wateja wanawasuta kwamba wanaharibu maji.

Kifaa nilichokitumia kuliko vyote ni kichupa cha kupimia klorini, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji. Unachota maji, unatia kidonge, unatikisa. Yakigeuka waridi, klorini bado ipo. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapochotea. Sasa mfuate mama hadi nyumbani upime tena kwenye mtungi wake. Mara nyingi rangi haitoki kabisa, kwa sababu mtungi ulikuwa wa mafuta ya kupikia na ndani una utelezi unaomaliza klorini yote. Hapo chujio la bei ghali kule kibandani halisaidii kitu. Unahitaji mtungi wenye mdomo mpana, unaoingia mkono na brashi.

Visima ni hadithi nyingine. Nairobi na Bonde la Ufa vipo vingi vyenye madini ya floraidi kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Maji yanang'aa, huku meno ya watoto yanaota madoa ya kahawia. Kuyachemsha hakuondoi floraidi, kunaizidisha, maana maji hupungua, floraidi inabaki. Makaa ya mifupa huipunguza, lakini lazima yabadilishwe, na nani atalipa? Dai matokeo ya maabara ya visima jirani kabla mtambo wa kuchimba haujafika, hata kama mfadhili ana haraka ya kupigwa picha.

Kuhusu masomo, hata uhandisi wa ujenzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ile miaka 5, unakufikisha, mradi baadaye usajiliwe na bodi ya wahandisi. Usidharau stashahada ya KEWI, chuo cha maji cha Kenya, pale South C. Kwenye pampu, mafundi waliotoka pale wamenifunza zaidi ya wahadhiri wangu. Mashirika yanalipa vizuri hadi ufadhili uishe. Kampuni za maji hulipa polepole, lakini mabomba hayaishi.

Ukitafuta mafunzo ya kazini likizo hii, usiombe maabara. Omba kikosi cha kutafuta uvujaji, na ununue gambuti zako mwenyewe, za ofisini huwa zimetoboka.