Barua kwa mwanangu: nani atawafundisha watoto kuteleza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama mjukuu wangu wa mwisho, mwenye miaka sita, ni mdogo mno kupelekwa Afriski, kile kituo cha kuteleza na ski kwenye theluji kule Lesotho, mwezi wa saba, au msubiri akue kidogo, mtunze hela, halafu muwapeleke wote wawili Ulaya. Mwisho kabisa, kwa kupitia tu, umeandika kwamba mume wako atawafundisha mwenyewe, maana alicheza ski alipokuwa anasoma Ujerumani, kwa hiyo fedha ya mwalimu mtaiokoa. Hapo ndipo nilipokwama, na hapo ndipo nitakapojibu.

Umri si tatizo. Shule nyingi za mchezo huo hupokea watoto wa miaka minne au mitano, na wewe ulikuwa na saba. Baridi nayo ni suala la nguo. Mimi ninachouliza ni nani atasimama mbele ya mtoto pale chini ya mteremko. Siku zote nimesema, na baba yako anajua nilivyo mgumu kwa hili: jambo la kutisha, mtoto hulijifunza vizuri kwa mtu ambaye mtoto mwenyewe haogopi kumvunja moyo.

Ninyi mkiikumbuka safari ile ya Lesotho mnamkumbuka Bibi, na mna haki. Mama mkwe wangu alikuwa ametoka Marangu kuja kututembelea Johannesburg, na baba yako akasema hawezi kumwacha mama yake ndani ya nyumba ya ghorofa siku za likizo. Tukamkalisha kiti cha mbele. Tulipita Bethlehem, tukapita Fouriesburg, tukavuka mpaka pale Caledonspoort, na Butha-Buthe akanunua blanketi la Kisotho la rangi ya udongo ambalo mpaka leo liko kitandani kwangu. Halafu ukaanza mlima wa Moteng. Kona zile unazijua. Kwenye kivuli barabara ilikuwa na barafu ya asubuhi, na Bibi hakusema neno mpaka tulipofika juu, ndipo akauliza tumepanda kiasi gani. Baba yako akamwambia Afriski iko mita 3,050. Bibi akafikiri, kisha akasema, basi tuko juu ya Mandara lakini Horombo hatujafika. Mume wake alibeba mizigo ya wageni njia ile ya kupanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ujana wake wote, kwa hiyo vituo vile alivijua kwa majina ya uchovu wa mumewe.

Na theluji yenyewe! Ninyi mlitegemea mlima mzima mweupe. Tukakuta milima ya Maloti imekauka, majani ya kahawia mpaka upeo wa macho, na katikati yake utepe mmoja mweupe wa karibu kilomita moja, umeshuka kutoka juu hadi hotelini. Kaka yako alinung'unika. Huko mvua ni ya majira yao ya joto, majira ya baridi ni makavu, na theluji ya mawinguni huja siku inayotaka. Kwa hiyo usiku, jotoridi likishuka chini ya sifuri, mashine hurusha maji hewani kwa nguvu ya upepo, yakawa punje ndogondogo, yakaganda kabla hayajagusa ardhi. Kule juu hewa ni kavu, na hewa kavu huyagandisha maji upesi zaidi.

Bibi alisimama kando ya mashine moja iliyokuwa imezimwa, akauliza maji yanatoka wapi. Yule kijana wa Kisotho aliyekuwa anafundisha watoto akamwonyesha bwawa. Bibi akainama, akachota theluji kwa mkono mtupu, akaifinya, akaitazama inavyoyeyuka na kupita kati ya vidole. Ameishi miaka yake yote chini ya Kibo, kila asubuhi ikiwa wazi anaiona ile nyeupe, na hakuwahi kuigusa. Akasema, "Huu ni mfongo. Wamechimba mfongo wa kwenda juu." Wewe ulikuwa mdogo, labda hukujua kwamba ukoo wa babu yako walikuwa na zamu ya kutunza mfongo wa kijiji, wakiyaongoza maji ya mlimani hadi kwenye migomba. Kwa hiyo yeye hakuidharau theluji ya mashine kama kaka yako. Aliona kazi ya watu. Halafu akaongeza kwamba Kibo ya utotoni mwake ilikuwa nyeupe hadi chini zaidi. Ni kweli: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa kule juu mwaka 1912 imeshakwisha.

Lakini nilikuwa nazungumzia mwalimu.

Wewe tulikuandikisha darasa la watoto na yule kijana. Kaka yako, mwenye miaka kumi, baba yako akasema huyu namfundisha mimi. Alishawahi kwenda kule na wenzake wa kazini, na kusimama juu ya ski anajua, sikatai. Nilikuwa nimekaa na Bibi kwenye benchi, hatua chache tu kutoka mlipokuwa, kwa hiyo niliona pande zote mbili. Kwenu, kijana hakupaza sauti hata mara moja. Aliwaambia mtengeneze kipande cha pizza: ncha za ski zikaribiane mbele, visigino viachane nyuma. Mkitaka kusimama, pizza iwe kubwa. Mkitaka kwenda, iwe ndogo. Fimbo za kushika mikononi hamkupewa kabisa. Ukaanguka, naye akaanguka makusudi kando yako ili akuonyeshe jinsi ya kuinuka.

Upande wa pili nilikuwa nasikia, "Kaza miguu! Simama wima!" Na mtoto alitii, kwa sababu kaka yako alikuwa mtoto wa kutii. Akakaza miguu, akasimama wima. Kumbe mwanzo wa kuanguka ni hapo hapo. Anayeanza, hofu humvuta nyuma, na uzito ukishaenda visiginoni ski zinakimbia zenyewe. Inatakiwa apinde magoti, ugoko uegemee ulimi wa buti, kifua kielekee bondeni, yaani auelekee mteremko anaouogopa. Kaka yako hakuwa anautazama mteremko. Kila baada ya kuteleza kidogo aligeuza shingo kutazama uso wa baba yake, na kila alipogeuka alianguka. Mara ya mwisho akabaki chini. Baba yako akasema, mbele ya watu waliokuwa wamepanga foleni ya lifti ya kupandia mteremko, "Mdogo wako wa kike anaweza."

Miaka imepita na neno hilo bado linanichoma. Kaka yako alifungua buti bila kulia, akaja kwetu, na Bibi akamfunika lile blanketi bila kumuuliza kitu. Kisha akamwita mwanawe kwa jina lake la utotoni, akamuuliza kwa Kichaga ni nani aliyempigia kelele yeye alipojifunza baiskeli. Baba yako hakujibu.

Sasa nisimwonee. Alikuwa ameendesha gari karibu saa tano na mama yake mzee ndani. Alikuwa amelipia vyumba, ski na buti za watu wote. Alitaka mwanawe wa kwanza aweze jambo ambalo kwetu hakuna aliyewahi kulifanya, na kutaka hivyo ni upendo pia, siwezi kusema si upendo. Na wapo wazazi wanaofundisha watoto wao vizuri kabisa. Babu yako mzaa mama alinifundisha mimi kuogelea mtoni na sikumwogopa. Kwa hiyo kanuni yangu ina tundu, naliona. Lakini babu yako hakujali kama ningeogelea au la. Alikuwa anaoga zake. Labda tofauti iko hapo, kwamba hakuwa na haraka na mimi. Basi narudi kulekule: mtoto hulijifunza vizuri kwa mtu ambaye mtoto mwenyewe haogopi kumvunja moyo, na awe baba yake au awe mgeni.

Mkwe wangu ni mtu mpole, namheshimu, na nyumba ni yenu. Sitasema amwachie mwalimu. Ningeweza kulisema, na unajua ningelisemaje, lakini mama mkwe haingii kwa watu na fimbo. Mwulize tu kama atakuwa radhi mtoto ashinde siku nzima chini pale bila kupanda lifti hata mara moja. Akisema ndiyo kwa moyo mweupe, haya.

Kuhusu Ulaya, sioni haraka. Hata huko Alps vituo vingi vya chini siku hizi vinategemea mashine zilezile, na nauli peke yake ingewalipia Lesotho pamoja na mwalimu. Nendeni kati ya mwezi wa sita na wa nane. Randi zinapokelewa kule sawa na loti, fedha yao, msisumbuke kubadilisha. Watoto wavae soksi moja ndefu, si mbili, maana ya pili hujikunja ndani ya buti na kuwaumiza. Wapake mafuta ya jua hata kukiwa na baridi, kwa sababu juu kule jua ni kali na theluji hulirudisha usoni, na miwani wasiivue. Wanywe maji mengi siku ya kwanza, kichwa kisiwagonge.

Jambo la mwisho. Kaka yako amenipigia Jumapili na ameniambia kwamba mkienda angependa kuja. Sikumwuliza sababu. Mwekeeni kitanda, na mwambie mume wako na baba yako pia, mtu yeyote asimwulize kama atateleza.

Mama yako,
Marangu