Mfugaji Auliza: Machicha ya kiwandani na maziwa ya ng'ombe wangu

SWALI: Asalaam aleikum Bi Mifugo. Niko Mambrui, nina ng'ombe wawili wa gredi. Kijana mmoja huniletea machicha ya kiwanda cha bia, magunia yakichuruza maji njia nzima. Maziwa yameongezeka, lakini tangu juzi ng'ombe mmoja anaharisha na hataki kula. Mama mkwe naye hanywi tena chai kwangu, asema maziwa yana pombe. Sasa kijana ananiambia yapo machicha ya kiwanda cha pombe kali, yana nguvu zaidi. Niyachukue?

JIBU: Waaleikumu salaam, mwanangu. Huyo mgonjwa mwachishe machicha leo hii, mpe majani makavu na maji. Ikifika kesho asubuhi hacheui, mwite daktari wa mifugo, usingoje.

Hukuniambia gunia lilikaa siku ngapi, na shaka yangu yote iko hapo. Nilipoanza kufuga kule Ganda nilirundika magunia sita chini ya mwembe ili niokoe nauli. Siku ya nne nikatia mkono ndani: juu baridi, katikati moto kama uji uliotoka jikoni. Ile harufu ya mkate imekwisha, imebaki ya siki, na pembeni ukungu wa kijivu umegandamana na gunia. Nikaukwangua, nikalisha kilichobaki. Ng'ombe wangu bora alisusa chakula siku tatu, na maziwa yake hayakurudi mpaka alipozaa tena. Mpaka leo naumia nikikumbuka. Tena ukungu unaweza kuwa na sumu ya aflatoksini, ambayo hupita mwilini mwa ng'ombe ikatokea kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Watoto wako wanayanywa hayo.

Kwa joto letu la pwani, lisha machicha mabichi ndani ya siku mbili, tatu. Ya kuweka, yachanganye na pumba ili zinywe maji, yashindilie kwenye pipa hewa itoke, funika kwa nailoni na mchanga juu, usifungue kabla ya wiki tatu.

Mama mkwe mweleze hivi. Shayiri huoteshwa ikawa kimea, ikasagwa, ikalowekwa kwa maji ya moto utamu utoke. Maji hayo matamu huchujwa, na ndiyo yanayotiwa hamira yakawa bia. Unacholetewa wewe ni kilichobaki kwenye chujio kabla ya hamira. Ni kama chicha la nazi: tui limekwenda kwingine. Ila yakikaa guniani huchacha yenyewe, sababu nyingine ya kutoyalaza.

Ya pombe kali si hivyo. Nafaka, mara nyingi mahindi, huchachushwa yote, kisha hupikwa pombe ikapanda na mvuke, mabaki yakabaki. La halali na haramu kamuulize sheikh wako, umsimulie kama nilivyokusimulia. Upande wa ng'ombe, kijana hakudanganya: wanga ndio uliogeuka pombe, kwa hiyo kilo 100 za mahindi huacha mabaki makavu kama kilo 30, yenye protini na mafuta kiasi cha mara tatu ya mahindi yenyewe. Mafuta hayo yakizidi, malai ya maziwa hupungua. Ukiyachukua, yawe makavu, ya kiwandani, na kidogo. Ya mitambo ya uani usiyaguse, hujui kilichotiwa mle.

Kipimo: machicha mabichi ya bia ni maji robo tatu na zaidi, kwa hiyo kilo 10 zina chakula kikavu cha kilo 2 na ushei tu. Ng'ombe wa kilo 400 ahitaji kama kilo 12 kavu kwa siku. Anza na kilo 2, panda pole pole kwa wiki mbili, ukifika 10 simama. Kilo kavu zilizobaki ziwe majani ya napia na ya lukina, ule mti wa malisho. Bila majani marefu hacheui vizuri. Machicha yana fosforasi nyingi na kalisi chache, kwa hiyo ongeza chokaa ya mifugo ya duka la dawa, si ile ya kupaka nyumba, itamchoma. Na mpe baada ya kukama, si kabla, harufu isiingie kwenye maziwa.