Bundi Wangu Yuko Kwenye Kalenda

Wiki iliyopita imefika kalenda ya mwakani ya shirika moja la uhifadhi hapa Norfolk, mashariki ya England, na ukurasa wa Februari ni wa bundi wangu. Nimeitundika jikoni ikiwa imefunuliwa hapo hapo Februari, mwaka wenyewe bado. Tangu nilipoirusha mtandaoni, ujumbe ninaoupata ni uleule: dada, unatumia lenzi gani?

Nitasema. Ila kwanza mjue kwamba picha hiihii niliipeleka mwaka jana kwenye mashindano ya klabu ya wapiga picha ya mjini kwetu, na jaji akaipa alama 13 kati ya 20. Ndege mdogo mno, akasema, matete yamejaa fremu nzima. Iliyoshinda ilikuwa ya mdiria, imepigwa kwenye kibanda cha kulipia, kile ambacho mwenyewe anakuwekea samaki ndani ya beseni chini ya tawi na mdiria anakuja kula kwa zamu. Sina neno. Ninachosema ni kwamba waliochagua kalenda waliniandikia kuwa wameipendea matete. Haya.

Lenzi ni ya mtumba, ya kuvuta mbali, milimita 150 hadi 600, na imechubuka. Haikunipa picha ile. Mimi nalea wazee kwa zamu za usiku, kwa hiyo mchana wangu huanza saa nane. Desemba huku jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Ningekuwa wa kwenda mbali, ningefika giza limeingia. Ndiyo maana nikashikamana na malisho ya Buckenham, bonde la Mto Yare, mashariki ya Norwich: nyasi, mifereji, ng'ombe na upepo wa kukata masikio. Bundi wa pale ni yule mweupe mwenye uso wa umbo la kopa. Mama yangu, aliyeko Tanga, alipopokea picha alipiga simu papo hapo: “Mwanangu, bundi umemfuata mpaka Ulaya?” Ameomba nimtumie ya bata.

Siri ya bundi huyu ni mvua. Manyoya yake ni laini mno ili aruke bila sauti, lakini ulaini huo hauruhusu maji kuteleza, akilowa, hawindi. Ikinyesha usiku mfululizo analala njaa, na mvua inapopumzika anatoka mchana kweupe kutafuta panya kwenye nyasi ndefu. Kwa hiyo usiniulize lenzi. Tazama utabiri wa hali ya hewa. Alasiri kavu ya kwanza baada ya mvua, wewe uwe umeshafika, umeegemea geti, umetulia.

Simama upepo ukikupiga mgongoni, maana bundi akiwinda hupenda kuruka taratibu akiukabili upepo, na hivyo atakuja akikutazama. Shata, yaani kasi ya kamera kufunga, iwe 1/1600 ya sekunde au kasi zaidi. Halafu punguza mwanga kidogo, kwa sababu kamera ikiona matete ya kahawia inadhani kuna giza, inaongeza, na ndege mweupe anaungua kwa mwanga mpaka manyoya hayaonekani. Hayo ndiyo ya kamera. Mengine ni kutulia.

Najua wengi wenu mnataka safari kubwa. Sili wa Donna Nook mwezi wa Novemba, kulungu wa Richmond Park Oktoba wakipigania majike, membe wa Bempton. Nimefika kote huko, ni pazuri, na picha nilizorudi nazo unaweza kuzichanganya na za watu elfu usijue yangu ni ipi. Kaeni na sehemu moja jamani! Ijue mpaka ujue ni nguzo gani ya uzio bundi anapenda kutua.

Na msiogope mashamba. Mzee mmoja mwenye trekta aliwahi kunisimamisha, akauliza nimepotea njia ama vipi, kwa ile sauti ambayo tuliohamia huku tunaijua. Nilimwonyesha ramani. Kwenye zile ramani za 1:25,000 za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani, na kwenye njia hiyo una haki ya kupita sawa na yeye. Sasa hunipungia mkono. Mimi nami humpungia, ila sijasahau.

Jambo moja sitalilegezea: kiota. Bundi huyu na mdiria wote wamo kwenye jedwali la kwanza la sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981, na kuwasumbua kwa makusudi au kwa uzembe wakiwa kiotani, au wakiwa na makinda, ni kosa la jinai. Ukitaka kupiga picha kiotani unahitaji leseni, na kwa England hutolewa na Natural England, shirika la serikali la mazingira. Kuna mtu aliniandikia akitaka nimwelekeze banda analozalia bundi wangu, “nipige mbili tatu tu.” Sikumjibu, na asirudie kuniuliza. Malisho ni makubwa, njia ya umma ipo, na bundi anapita mwenyewe. Akiacha kuwinda akaanza kukukodolea macho, umeshamkaribia mno, rudi nyuma.