Kupima uga wa umeme kwa mwanga wa plazma ya hewa

Je, uga wa umeme ndani ya plazma ya hewa (gesi yenye ioni na elektroni huru) unaweza kupimwa kwa mwanga wake tu? Ndiyo, mwanga peke yake unatosha bila kuchomeka kipimio ndani, ila mkanda mmoja wa mwanga (kundi la mawimbi ya urefu unaokaribiana) haukufikishi popote. Chukua uwiano wa ukali wa mwanga wa mkanda wa 391.4 nm (ioni ya naitrojeni) kwa ule wa 394.3 nm (molekuli ya naitrojeni isiyo na chaji). Mkanda wa kwanza unadai elektroni zenye nishati ya 18.7 eV (elektronivolti), wa pili 11 eV na ushei; uga ukipanda, elektroni hupata nishati zaidi, hivyo uwiano nao hupanda. Tahadhari kubwa: mkia wa 394.3 huingia chini ya 391.4. Usipouondoa, uga utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kumbuka pia unapata E/N (uga E ukigawanywa kwa N, idadi ya molekuli za gesi katika ujazo), si E yenyewe: 100 Td (Townsend, kizio cha E/N) kwa hewa ya 20°C, kanieneo ya kawaida, ni kama 25 kV/cm; gesi ikifika 600 K, ni nusu tu.