Fiziotherapia sio kuchuliwa jamani

Tangu nimeacha magongo, hapa Mwanga, Kigoma, mtu akivunjika mguu ndugu zake wanaanzia kwangu kabla ya kwenda kokote. Wa bodaboda ndo wengi, ila wapo wa kudondoka kwenye mchikichi wakati wa kuangua, wapo na wabeba mizigo wa Kibirizi ambao hawajavunjika popote, mgongo tu umekataa. Mimi sio daktari, ni seremala. Nilivunjika paja kwa ajali ya bodaboda barabara ya Ujiji, nikawekewa chuma ndani ya mfupa, mfupa ukaunga safi kabisa lakini goti likagoma kukunja na hapo ndo nikajuana na watu wa fiziotherapia, yani tiba ya viungo kwa mazoezi. Maswali ninayoulizwa yanajirudia kweli, kwaiyo naandika hapa mara moja nitakuwa namtumia mtu linki.

Kubwa kuliko yote ni hili la kuchua. Watu wengi Kigoma ukiwaambia nenda fizio wanaona picha ya mtu kalala kitandani anakandwa na maji ya moto halafu anapakwa mafuta ya mise, maana ndo tulivyokua, kila mtaa una bibi yake anayejua kuchua. Sasa wanaenda hospitali, wanakuta wanaambiwa "kaa hapa, nyoosha mguu, kaza paja, hesabu mpaka kumi, achia, rudia", wanarudi nyumbani wamekasirika eti hawajatibiwa, hela imeliwa bure.

Mimi siku ya kwanza mtaalamu alinigusa kidogo mno. Alichukua kile kirula chao cha kufunguka akapima goti linakunja digrii ngapi, akachukua futi kama ya fundi cherehani akapima unene wa paja hili na lile (lililovunjika lilikuwa limesinyaa hata mimi niliona aibu), afu akaanza maswali. Unafanya kazi gani, unasimama kwa muda gani, nyumbani kuna ngazi, choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, unaswali? Nikadhani ni umbea tu. Kumbe ana hesabu zake, maana kukaa kwenye kiti vizuri unahitaji goti likunje kama digrii 90, ila kuchuchumaa chooni ni zaidi ya 120 na kukaa tahiyatu inaenda mbele zaidi ya hapo. Mtu wa choo cha kukaa na mtu wa choo cha shimo hawawezi kupewa lengo moja.

Na kinachokakamaza goti ukikielewa hutadai kuchuliwa tena. Kiungo kisipotembezwa muda mrefu ule mfuko unaokizunguka unanywea, misuli inagandana na kovu, na msuli wa mbele wa paja unakonda haraka ajabu. Mafuta hayafiki huko. Kinachofika ni wewe mwenyewe kulikunja na kulinyoosha, kila siku, nyumbani, hata siku hujisikii. Unaburuza kisigino sakafuni juu ya kipande cha kitenge kulivuta goti, unaviringisha taulo unaweka chini ya goti unaligandamiza, unakaa ukingoni mwa meza unautumia mguu mzima kuusukuma mgonjwa nyuma, baadae unapanda na kushuka tofali. Ukimwona mtaalamu mara moja kwa wiki yeye anakuwa na wewe nusu saa hivi, hizo saa nyingine zote za wiki nani anakufanyia? Nimeona watu wanaohudhuria kliniki bila kukosa na hawaponi kwasababu nyumbani hawagusi kitu.

Sisemi kuchua ni dhambi, misuli iliyochoka kwa kazi ichue tu utasikia raha. Ila kwenye mfupa uliovunjika au kiwiko cha mtoto aliyedondoka mwembeni, HAPANA. Kiwiko kilichoumia ukikikanda na kukivuta kwa nguvu mfupa unaweza kuota ndani ya msuli, hii ipo na inajulikana, mtoto anabaki na mkono usionyooka wala kukunja. Na vile vijiti vya kufungia vikikazwa sana damu haipiti, vidole vinaanza kuwa baridi na kubadilika rangi, hapo mtoto anaweza kupoteza mkono mzima. Bibi namheshimu lakini kwa hili asubiri picha ya eksrei kwanza.

Kingine ni maumivu, na hapa kuna makundi mawili yanayopingana. Wa kwanza anasema fizio ni mateso, wanakukunja mpaka unalia, bora nibaki hivi hivi. Wa pili anasema kama huumii basi haifanyi kazi na anamwambia mtaalamu kaza bro kaza. Wote wameenda mrama. Nilichofundishwa ni kwamba maumivu kidogo wakati wa zoezi sio shida, angalia kesho yake. Ukiamka goti liko kama jana, endelea au ongeza. Ukiamka limevimba na linauma kuliko jana, ulizidisha, punguza. Ila shavu la mguu likivimba, likawa la moto na linauma wakati umetoka kwenye oparesheni au umelala sana, usifanye zoezi wala usichue, wahi hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, na ikisafiri kwenda kwenye mapafu inaua.

Afu kuna wanaodhani hogo (plasta gumu la kufungia mfupa) likitolewa, au wakikufungua antena (vile vyuma vya nje vinavyoshikilia mfupa), matibabu yameisha. Mfupa umeunga ndio, lakini umeachiwa mguu uliosahau kazi. Mwambie daktari mapema akuandikie fizio, usingoje mpaka goti liwe gumu ndo uanze kulilia, maana kovu changa linasikia, kovu la muda mrefu ni mbishi na wengine wanaishia kurudishwa chumba cha oparesheni wakakunjwe goti wakiwa na nusukaputi.

Za mashine sitakaa sana. Taa ya moto, vile vya umeme vinavyotekenya misuli, vinasaidia kidogo kutuliza ili ufanye zoezi. Mtu akikutoza hela nyingi kwa mashine tupu bila kukufundisha zoezi hata moja, mimi ningehama.

Mgongo sasa. Wale wa Kibirizi wakipiga picha wakaambiwa diski (kile kitu laini katikati ya pingili za mgongo) imechakaa wanakata tamaa, wananunua ubao wanalala juu yake wiki nzima hawatoki. Kuna utafiti ulitoka 2015 ulikusanya picha za watu ambao mgongo HAUWAUMI kabisa, kwa wa miaka 20 asilimia 37 diski zilikuwa zimeanza kuchakaa, kwa wa miaka 80 ni asilimia 96. Yani kuchakaa peke yake sio hukumu. Kwa mgongo wa kawaida, kulala muda mrefu ndo kunazidisha, unatakiwa utembee, urudi kwenye shughuli taratibu, na ufanye mazoezi ya kuimarisha. Isipokuwa ukipata ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, au miguu ikaanza kulegea, hiyo ni dharura, usije kuniuliza mimi, kimbia emajensi.

Na mzee akipata kiharusi msisubiri "apate nguvu kwanza". Nafuu kubwa huwa inakuja miezi mitatu ya mwanzo, ubongo unajifunza upya kwa kurudia rudia kitu, kwaiyo mkimlisha, mkimwogesha, mkimvalisha kila kitu kwa huruma mnamnyima mazoezi. Mwacheni ashike kijiko mwenyewe hata akimwaga. Kuendelea baada ya hiyo miezi inawezekana pia, ila inakwenda polepole.

Hata mtoto anayezaliwa na mguu uliopinda ndani, wazazi wasiambiwe ni mkosi. Anafungwa hogo linalobadilishwa kila wiki, mara nyingi matano mpaka saba hivi, afu anavalishwa viatu maalumu vya kulalia mpaka kama miaka minne. Akianza mapema wengi wanatembea vizuri tu.

Ukiamua kwenda, ulizia kitengo cha fiziotherapia pale Maweni au hospitali yoyote iliyo karibu na wewe. Beba picha zako za eksrei na karatasi ya oparesheni, maana akijua umewekewa chuma gani ndo anajua uukanyagie mguu kwa uzito gani. Kabla hujatoka muulize zoezi lipi, mara ngapi kwa siku, na nikiona nini niache, afu muombe mtu akurekodi kwa simu ukilifanya mbele yake. Wanaume vaeni bukta, wamama dera pana na taiti ndani, msije mkaenda na jinzi ya kubana halafu mnaambiwa mkunje goti.