Fundo lisilopita

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni kitabu au filamu gani ya wapanda milima inayomkosesha mtu usingizi, na kwa nini. Jibu langu ni Touching the Void cha Joe Simpson, kilichotoka 1988, pamoja na filamu yake ya 2003 iliyoongozwa na Kevin Macdonald. Kila kinachotokea humo kina sababu unayoweza kuishika mkononi: kamba, fundo, gesi.

Mwaka 1985 Simpson na mwenzake Simon Yates walifika kilele cha Siula Grande, Peru, mita 6,344, kwa kupanda ubavu wa magharibi. Wakati wa kushuka Simpson akaanguka, mguu wa kulia ukavunjika. Gesi nayo ikaisha. Msomaji asipite hapo haraka: kule juu gesi ndiyo maji, kwa kuwa bila moto theluji haiyeyuki, na mwenye kiu kali hawezi kujichimbia pango akangoja dhoruba ipite. Ndiyo maana waliendelea kushuka hata giza lilipoingia.

Yates aliunga kamba mbili za mita 45, akachimba kiti kwenye theluji, akaketi humo na kumteremsha mwenzake. Fundo likifika kwenye kifaa cha kubania kamba, halipiti. Simpson alilazimika kusimama kwa mguu mzima ili kamba ilegee, Yates alivushe fundo, kisha waendelee. Wenye majahazi hapa Tanga wanalijua hilo: henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, ikiwa na fundo hukwama kwenye kapi, na foromali, boriti inayobeba tanga, isipande wala isishuke. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Simpson alipopita ukingo wa genge akabaki ananing'inia. Hana pa kukanyaga, kwa hiyo kamba hailegei, na fundo haliwezi kuvushwa. Dhoruba imemeza sauti zao. Akajaribu kupanda kwa vitanzi vya kamba nyembamba, vile vinavyouma kamba kuu vikibeba uzito na kuteleza visipobeba. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, kitanzi kimoja kikamponyoka. Huko juu kiti cha Yates kinamomonyoka. Yates akakata kamba.

Wanaomwita msaliti wasome tena sehemu hiyo polepole. Asingekata, wangeporomoka wote wawili. Simpson mwenyewe amemtetea siku zote. Kamba ilipokatwa, Simpson alitumbukia kwenye ufa wa barafu, akashindwa kupanda kutoka, akaamua kujiteremsha zaidi ndani ya giza, na huko ndiko alikopata njia. Kisha akatambaa kwa siku kadhaa hadi kambini, akijipa dakika 20 kwa saa yake ya mkononi kufikia kila alama aliyoichagua mbele.

Fundo la namna hiyo hiyo lilimuua mpanda milima Toni Kurz kwenye ubavu wa kaskazini wa Eiger, Uswisi, Julai 1936. Yeye na wenzake watatu walivuka kwa kamba sehemu ya mwamba isiyo na pa kushika, kisha wakaivuta wakaondoka nayo. Barafu ilipoufunika mwamba, njia ya kurudi ikawa imefungwa. Wenzake watatu wakafa. Waokoaji walimpa kamba mbili zilizofungwa pamoja kwa kuwa moja haikutosha, na fundo likagoma kwenye karabina yake, pete ya chuma inayopitisha kamba, mita chache tu juu ya mikono yao. Filamu ya Nordwand (2008) inalionyesha hilo vizuri, ingawa mapenzi yaliyotiwa humo ningeyapunguza.

Kuhusu Everest ya Mei 1996, ambako dhoruba moja iliondoka na watu 8, Into Thin Air cha Jon Krakauer kisisomwe peke yake. Kiwekeni pamoja na The Climb cha Anatoli Boukreev, kiongozi wa wapandaji aliyelaumiwa kwa kutangulia kushuka, ambaye usiku huo alitoka peke yake kuwatafuta waliopotea. Mkisoma, andikeni pembeni saa ambayo kila mmoja alifika kileleni. Muda wa kugeuka uliozungumzwa, yaani saa ya kuanza kushuka hata kama hujafika kileleni, ulikuwa saa saba au saa nane mchana. Wapo waliofika saa kumi imeshapita.

Msomaji wenu, Chumbageni, Tanga