Mapanga Funga Mwisho: Kwa Anayeunda Droni Yake ya Kwanza

Tangu niweke ile video ya droni yangu ikielea juu ya shamba kule Kibaha, meseji hazikatiki. Nyingi zinauliza bei. Moja tu, kutoka kwa kijana wa Morogoro, ndiyo imenikalisha niandike: "Kaka, vifaa vimefika, nimevitandaza kitandani, naanzia wapi?" Huyo ndiye ninayesema naye. Ninyi wa bei, malizaneni na wenye maduka.

Na kwa kuwa nimetaja maduka, acha nitoe la moyoni kwanza. Nilikwenda Kariakoo kutafuta chuma cha kulehemu cha wati 60. Muuzaji akaniuliza cha nini, nikamwambia naunda droni. Akamwita mwenzake aje amwone injinia. Wakacheka, kisha akanipa ushauri ambao sikuuomba: "Mdogo wangu, hivi vitu Wachina wanavitengeneza kwa mashine, wewe utaviweza kwa mikono?" Nililipa, nikaondoka kimya. Video nimeiweka hadharani makusudi. Bando mtaa ule wanazo.

Sasa kazi. Vifaa vyangu ni vile vya kawaida vya anayejifunza: fremu ya F450, yaani milimita 450 kutoka mota hadi mota kwa mshazari, mota nne za 920KV, yaani mizunguko 920 kwa dakika kwa kila volti, ESC nne za ampea 30, ambazo ndizo zinazogawia mota umeme, mapanga, yaani propela, ya inchi 10, na bodi ya KK2, ubongo unaoisawazisha droni, ambayo ina kioo chake, kwa hiyo huhitaji kompyuta kuipanga. Kufunga mikono ya fremu sina la kukufundisha. Skrubu ni skrubu.

Droni yenyewe iko kwenye lehemu. Sahani ya chini ya fremu ndiyo njia ya umeme, ina shaba ndani, na kila ESC inaleta pale nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Hizo ni nane. Ongeza mbili za betri, zinakuwa sehemu kumi. Shaba ile inanyonya moto vibaya. Ukija na chuma cha wati 30 cha fundi redio, utakibandika mpaka mkono ufe ganzi, na risasi, yaani ule waya wa kulehemu unaoyeyuka, itajikunja juu kama tone la maji kwenye jani la magimbi. Hiyo ni lehemu baridi. Kwa macho imeshika, lakini mota zikianza kutikisa inaachia, tena inaachia ikiwa hewani. Paka risasi kwenye waya kwanza, paka na kwenye sahani, halafu ndipo uviunganishe. Kiungo kizuri kinang'aa na risasi yake imetambaa mpaka pembeni. Kisha kivute. Kama unaogopa kukivuta, basi unajua mwenyewe hakijashika.

Usichomeke betri bado. Nenda kwa fundi bodaboda, mwombe balbu ya breki ya volti 12, uipitishe katikati ya waya chanya wa betri na droni. Balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, ni kapasita, vihifadhi umeme vya ESC, zilikuwa zinajaa, uko salama. Ikiwaka na kuendelea kuwaka, una shoti mahali, chomoa. Yangu ilimulika ikazima, nikapiga ukelele mpaka shangazi akaja mbio na jagi la maji akidhani nimechoma nyumba. (Shangazi, nashukuru, ila kwa betri hizi weka ndoo ya mchanga karibu, si jagi.)

Hapo ndipo unapojaribu mota, na mapanga yako bado yamo kwenye mfuko wake. Narudia: kwenye mfuko. Zidisha 920 kwa volti 11.1 za betri uone: mizunguko zaidi ya elfu kumi kwa dakika mota ikiwa haina mzigo. Panga la plastiki kwa mwendo huo linachana vidole. Bandika kipande cha selotepu kwenye shafti uone inakozunguka. Mota zinazotazamana kwa mshazari huzunguka upande mmoja, zilizo jirani hupingana, ili nguvu zao za kuzungusha fremu ziuane. Mota ikienda kinyume, badilishana nyaya zozote mbili kati ya tatu zake, basi.

Bodi inataka ipimwe ikiwa imelala sawa kabisa. Sakafu ya kwetu ina mteremko, nikaazima pimamaji ya jirani ambaye ni fundi mwashi. Hakucheka. Aliuliza maswali ya maana kuliko wale wa Kariakoo, na siku ya kurusha nilimchukua.

Betri yangu ni ya seli tatu, milliampea-saa 2200, naichaji kwa ampea 2.2 na sizidishi. Kila seli ikijaa inasoma volti 4.2. Nunua kile king'ora kidogo cha kuchomeka kwenye plagi nyeupe ya betri, kikupigie kelele seli ikifika 3.5. Ukiiweka betri wiki nzima, iache kwenye 3.8 hivi. Ukiikausha mpaka mwisho, itavimba, na ikishavimba usiichaji tena.

Kurusha. Sasa ndipo mapanga yanatoka mfukoni na kufungwa. KK2 haina GPS, kwa hiyo upepo ukija inaondoka nao, na ni wewe wa kuirudisha. Wengi wanaogopa, wanaishikilia sentimita 20 kutoka chini, na hapo ndipo upepo wake wenyewe unapogonga ardhi na kurudi kuitikisa. Ipandishe hadi usawa wa kifua, itatulia. Yangu ilitulia. Fundi mwashi akavua kofia.

Mimi naishi Kipawa, ndege kubwa zinapita juu ya bati letu, kwa hiyo nyumbani sirushi hata kwa sekunde moja. Kibali cha droni kiko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na ukifuatilie mapema. Karatasi hizo ni uchovu wa peke yake lakini usizikwepe, maana ukikamatwa utatuharibia sote.

Lakini ndugu zangu, tatizo letu mara nyingi si kibali wala pesa. Vijana tunataka picha ya juu kabla hatujajua chanya na hasi. Ramani za Unguja na Pemba zilizoanza kupigwa kwa droni mwaka 2016, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa kwenye kazi ile. Droni zile ni za mabawa, si kama yangu, lakini nazo zinataka mtu anayejua betri yake ina hali gani. Ukinunua droni iliyokwisha kuundwa, siku ikianguka utampelekea nani? Utarudi Kariakoo, watakucheka. Lehemu mwenyewe. Ikikushinda, ifumue, ulehemu tena.

Anayetaka nimwangalizie kazi yake anitumie picha za zile sehemu kumi kabla hajafunga sahani ya juu. Picha za karibu, mwanga wa mchana, bila sura yake.